Nchi Jirani: Paka wa Kambini na Kinga ya Mpakani



Nchi yetu imepakana na nchi nane. Kaskazini tuna Kenya na Uganda. Magharibi tuna Rwanda na Burundi, na katikati ya maji ya Ziwa Tanganyika tunakutana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kusini tuna Zambia, Malawi na Msumbiji. Tuzungumzapo juu ya majirani hawa, mara nyingi tunazungumza juu ya biashara, juu ya barabara, juu ya wakimbizi, au juu ya usalama. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo, kwa kulisikia tu, huenda baadhi yenu wakatabasamu. Tutazungumza juu ya afya ya paka, na jinsi ya kumkinga asipatwe na maradhi kabla hayajafika kwake, na kwa njia yake yakafika kwetu.

Atakayetabasamu tunamwomba asubiri kidogo. Hakuna kambi, kituo cha polisi wala kizuizi cha barabarani kisichokuwa na paka. Yuko ghalani penye magunia ya mchele na maharage. Yuko nyuma ya jiko la bwalo. Yuko katika nyumba za askari, miongoni mwa watoto. Hana namba ya jeshi, hana cheo, wala hapokei posho. Lakini kazi yake inajulikana na kila mtunza ghala. Mahali asipokuwapo, panya hutoboa magunia, hutafuna hati na kuguguna nyaya. Basi huyu ni mtumishi mwenzetu. Swali la leo ni hili: je, nani anayemhudumia?

Katika sehemu nyingi jibu ni kwamba hakuna. Paka wa kambini hulishwa na wote, na kwa sababu ni wa wote, hana mwenyewe. Mpishi humtupia kichwa cha samaki, mlinzi wa zamu ya usiku humpa mabaki ya ugali, watoto humbeba mikononi. Lakini siku daktari wa mifugo anapofika na sindano za chanjo, hapatikani mtu wa kumkamata paka yule na kumpeleka. Upungufu huu mdogo ndio mlango ambao maradhi makubwa huingilia.

Ndugu wasikilizaji, maradhi ya kwanza tunayopaswa kuyataja ni yale tuyaitayo kichaa cha mbwa. Na hapa yafaa tuseme wazi kwamba jina hili limetupotosha. Kwa kuwa tumeyaita maradhi ya mbwa, watu wengi hudhani kwamba mbwa peke yake ndiye awezaye kuwa nayo na kuyaambukiza. Sivyo. Kila mnyama anyonyeshaye aweza kuyapata: mbwa, paka, ng'ombe, punda, mbweha, fisi na binadamu. Ni kweli kwamba katika nchi zetu mbwa ndiye chanzo kikuu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu watu 99 katika kila 100 wanaoambukizwa hupata virusi kutoka kwa mbwa. Lakini paka naye huumwa na mbwa mwenye kichaa, huugua, na kisha huingia ndani ya nyumba tunamolala. Mbwa mwenye kichaa watu humkimbia. Paka mgonjwa watu humwinamia wakamshika, wakidhani ameumia.

Dalili zake ni hizi. Paka aliyekuwa mpole hugeuka ghafla akawa mkali, akarukia watu bila ya kuchokozwa. Au kinyume chake, paka aliyezoea watu hujificha gizani, chini ya kitanda au nyuma ya masanduku, naye huuma kila mkono unaomfuata. Sauti yake hubadilika, mate humtoka, miguu ya nyuma hulegea, na siku chache baadaye hufa. Virusi vimo katika mate yake. Huingia mwilini mwa mtu kwa njia ya meno, au mkwaruzo wa kucha zenye mate, au ulimi unapogusa kidonda.

Na mtu akishaambukizwa, mara nyingi dalili huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kuonekana. Kipindi hicho ndicho nafasi yake ya kuokoka. Dalili zikishatokeza, karibu kila mgonjwa hufa, kwani mpaka leo haijapatikana dawa ya kuaminika ya kumponya. Kila mwaka watu wapatao 59,000 ulimwenguni hukadiriwa kufa kwa maradhi haya, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Watoto walio chini ya umri wa miaka 15 ni karibu 40 katika kila 100. Hapa kwetu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba vifo vyaweza kufika kama 1,500 kwa mwaka, idadi iliyozidi mara 100 ile iliyokuwa ikiandikwa katika taarifa rasmi. Wengi walifia majumbani, na hawakuandikwa popote.

Majirani zetu wamefanya nini? Tuanze na Kenya. Huko ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja wa karibu na Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2014, Kenya ilitangaza mkakati wa taifa wenye shabaha ya kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Kaunti ya Makueni ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kufanyiwa kazi hiyo. Msingi wa mkakati huo ni kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100, mwaka hata mwaka, maana uzoefu umeonyesha kwamba idadi hiyo ikifikiwa ugonjwa hukosa pa kupita.

Malawi nayo ina la kutufundisha. Katika mji wa Blantyre, Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth ilikuwa imezoea kupokea watoto walioumwa na mbwa na kufika wakiwa wamekwisha kuchelewa. Mwaka 2015 ilianzishwa kampeni kubwa mjini humo. Makundi ya wachanjaji yalikwenda penye vituo vilivyopangwa, kisha yakapita nyumba hata nyumba kuwatafuta mbwa ambao hawakuletwa. Kwa muda wa siku 20, mbwa zaidi ya 35,000 walichanjwa. Kazi ilirudiwa miaka iliyofuata, na vifo vya watoto hospitalini hapo vikapungua sana. Ninyi askari mnaelewa jambo hilo kuliko wengine: mpango, ramani, kugawana maeneo, na kurudi palipobaki pengo. Kampeni ya Blantyre iliendeshwa kama doria iendeshwavyo.

Na kwetu wenyewe liko fundisho la kisiwa cha Pemba. Kwa kuchanja mbwa kwa wingi, Pemba ilifanikiwa kuufuta ugonjwa huu mnamo mwaka 2014. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki. Lakini mwaka 2016 ugonjwa ulirudi. Uchunguzi wa virusi vyenyewe ulionyesha kwamba haukuwa mabaki ya ule wa zamani, bali ulikuwa umeingia upya kutoka nje ya kisiwa, tena si mara moja bali mara mbili. Ikabidi kazi ianze tena, hata ukafutwa kwa mara nyingine mwaka 2018. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliweza kuingiliwa mara mbili, itakuwaje Namanga, Sirari, Mutukula, Rusumo, Kasumulu au Tunduma, ambako mnyama huvuka mpaka kwa miguu yake mwenyewe, usiku, bila ya kuulizwa cheti?

Hata wanyama wa porini wametuonyesha kwamba maradhi hayatambui mipaka. Mwaka 1994 ugonjwa uitwao distempa, ambao hujulikana zaidi kuwa wa mbwa, uliwashambulia simba wa Serengeti. Simba wapatao elfu moja walikufa, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo, nao ugonjwa ukaendelea kaskazini hadi Maasai Mara nchini Kenya. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, si kichaa cha mbwa. Lakini simba ni wa jamaa ya paka, na lililompata mkubwa huyo wa jamaa ni onyo juu ya mdogo wake aliyeko jikoni kwetu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sasa tuingie katika kinga yenyewe. Paka huchanjwa kichaa cha mbwa anapotimiza umri wa miezi mitatu. Baada ya mwaka mmoja hurudiwa, na kuanzia hapo hurudiwa kila mwaka, au kwa muda ulioandikwa na watengenezaji wa chanjo hiyo. Chanjo hiyo hufanya kazi kwa mnyama mzima. Haifai kitu kwa mnyama ambaye amekwisha kuugua. Siku hizi tatizo la vituo vya mbali kukosa jokofu limepungua nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye uhusiano na kazi ya chanjo ya mbwa katika eneo la Serengeti, ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo hii ilibaki na nguvu zake hata baada ya kuwekwa miezi mitatu katika joto la nyuzi 30. Hivyo lindo lililo mbali na umeme halina tena sababu ya kusahauliwa.

Ziko chanjo nyingine za paka, zikiwamo za mafua makali ya paka na ya ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa paka kwa wingi. Hizo huanza mapema zaidi, mtoto wa paka akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize kama wiki 16. Magonjwa hayo hayamwambukizi binadamu. Lakini kambi inayopoteza paka wake wote kwa wiki mbili itayaona matokeo yake ghalani.

Jambo la pili ni viroboto. Hapa pana habari inayotugusa sisi na majirani zetu kwa karibu sana, nayo ni habari ya tauni. Wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni kuanzia mwaka 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mkoa wa Ituri umeijua tauni kwa miaka mingi, na mwaka 2020 iliripuka tena huko. Na ng'ambo ya mpaka, upande wa West Nile nchini Uganda, maradhi ni yale yale. Tauni hukaa kwa panya, na kiroboto ndiye huibeba. Paka akila panya mwenye tauni aweza kuugua yeye mwenyewe, na aweza kumwambukiza anayemshika. Au huleta viroboto wa panya mpaka kitandani. Kwa hiyo paka wa kambi iliyoko katika sehemu kama hizo, kama hana kinga ya viroboto, huenda akawa daraja kati ya shimo la panya na mto wa askari. Na panya wakionekana wanakufa ovyo bila ya kutegewa sumu, msiwashike kwa mikono. Toeni taarifa mara moja kwa mganga.

Lakini hapa tahadhari inatakiwa. Dawa ya viroboto ya mbwa isipakwe paka. Dawa nyingi za mbwa zina kemikali iitwayo permethrini, ambayo mbwa huistahimili lakini humtetemesha paka mpaka akafa. Hali kadhalika vidonge vya panadol, ambavyo mtu humeza akiumwa na kichwa, ni sumu kwa paka. Hata kidonge kimoja chaweza kumwua. Na sumu ya panya ikitegwa ghalani, paka aliyekula panya aliyelishwa sumu naye hudhurika. Mwenye kutumia sumu na paka kwa pamoja anamwua mlinzi wake kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo la tatu ni minyoo na kinyesi. Paka apewe dawa ya minyoo kwa ratiba atakayopanga daktari wa mifugo. Kinyesi cha paka chaweza pia kuwa na vijidudu viitwavyo toksoplazma, ambavyo ni hatari kwa mimba. Vijidudu hivyo huhitaji siku moja hadi tano baada ya kutoka ndipo viweze kuambukiza. Basi mchanga wa paka ukisafishwa kila siku, hatari hupungua sana. Wake zetu waja wazito, na askari wetu wa kike walio katika hali hiyo, wasiifanye kazi hiyo. Aifanye mtu mwingine, kisha anawe mikono kwa sabuni. Nyama iive vizuri, na mboga za bustanini zioshwe, kwa kuwa vijidudu hivyo hupitia huko pia.

Jambo la nne ni uzazi. Paka jike aweza kushika mimba akiwa bado hajatimiza hata nusu mwaka, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kambi iliyoanza na paka wawili itajikuta na kundi ambalo hakuna awezaye kulichanja. Kuhasi madume na kuwafunga kizazi majike ni kazi ya daktari wa mifugo. Na paka aliyehasiwa hupigana kidogo, hutangatanga kidogo, na kwa hiyo huumwa kidogo.

Ndugu wasikilizaji, tumefika penye neno zito, na tunalielekeza hasa kwa ndugu zetu wa Jeshi la Polisi. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi za sehemu hii ya Afrika, taarifa ya kichaa cha mbwa ilipokuja, jibu la kwanza lilikuwa bunduki. Askari waliamriwa kupita mitaani na kuwapiga risasi mbwa na paka wasio na wenyewe. Hakuna ubishi kwamba mnyama aliyekwisha kuugua na anayehatarisha watu hana budi kuondolewa. Lakini kuua ovyo, kwa hesabu, hakukuleta mwisho wa ugonjwa huu. Sababu ziko wazi. Waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na kinga iliyogharimiwa hupotea. Wenye wanyama huwaficha, au huwahamishia kijiji kingine, na pengine ng'ambo ya mpaka. Na nafasi iliyoachwa hujazwa upesi na wanyama wachanga wasio na kinga yoyote. Raia akimwona askari amekuja na mnyororo na bunduki, mwaka unaofuata hatamleta paka wake penye sindano. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba chanjo ya halaiki ndiyo njia ifanyayo kazi, na kwamba kuua hakutoshi wala hakusaidii. Risasi ni ghali, na uaminifu wa raia ni ghali zaidi.

Kwa hiyo kazi ya askari katika vita hivi ni nyingine, nayo ni ya heshima zaidi. Mpakani, asiruhusu mbwa au paka kupita bila ya cheti cha chanjo na kibali cha idara ya mifugo, hata kama mnyama huyo amebebwa kikapuni na mtoto mwenye kulia. Amweleze mwenyewe kwa upole ni kwa nini. Siku ya chanjo kijijini, asaidie utulivu na mistari. Na katika kambi yake mwenyewe, awe wa kwanza kuchanjisha.

Na ikitokea kwamba paka au mbwa amemwuma mtu au kumkwaruza, asingoje hata saa moja. Kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Msipake mkaa, mafuta, wala majani. Kisha mtu huyo afikishwe hospitali siku hiyo hiyo aanze sindano, na azimalize zote alizopangiwa, hata kama kidonda kimepona na hasikii maumivu. Paka mwenyewe, akipatikana, afungiwe na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku kumi. Lakini mtu asiache kuanza matibabu kwa kungojea siku hizo. Maisha ya askari hayakamatiwi dhamana ya paka.

Kila mwaka, tarehe 28 Septemba, ulimwengu huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe hiyo ndiyo aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, miaka kumi baada ya chanjo yake kumwokoa mtoto wa Kifaransa aliyeumwa na mbwa. Tangu hapo kinga imekuwapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuibeba mpaka mahali inapotakiwa.

Basi tunatoa rai moja nyepesi kwa wakuu wa kambi na wa vituo. Kabla ya siku hiyo kufika tena, ateuliwe askari mmoja mwenye jukumu la wanyama wa kambi. Awahesabu paka na mbwa, awaandike katika daftari: umri, rangi, tarehe ya chanjo, tarehe ya dawa ya minyoo. Awasiliane na ofisa mifugo wa wilaya, na pale kambi inapopakana na kijiji, siku ya chanjo iwe moja kwa kambi na kwa raia. Daftari hilo litagharimu kidogo kuliko gunia moja la mchele lililoliwa na panya, na sindano ya paka ni rahisi kuliko mfululizo wa sindano za mtu mmoja aliyeumwa.

Kenya, Malawi na majirani zetu wengine wanafanya kazi hii kwa upande wao. Wao wakichanja na sisi tukalala, tutawarudishia ugonjwa. Sisi tukichanja na wao wakalala, watatuletea. Ndiyo maana ulinzi wa mpaka, katika jambo hili, unaanzia nyuma ya jiko la bwalo.